Hatii Sahihi Mpaka Majirani Waje

Saa moja kasoro robo asubuhi. Katika chumba cha kufulia cha hoteli moja huko Bloomington, Euphrasie Uwimana anavuta shuka lenye joto kutoka kwenye mashine ya kukaushia, analitandaza mezani, analikunja mara nne. Anachukua jingine. Kabla ya adhuhuri atakuwa amekunja zaidi ya mia mbili, na mikono yake haisimami hata akiongea.

Leo anaongea sana, maana ana jambo linalomkera. Ni Jumanne ya Septemba. Ijumaa saa nne asubuhi anatakiwa kutia sahihi karatasi za nyumba ya kwanza maishani mwake, na ameshasema hatii.

"Nitatia vipi?" anauliza. "Majirani hata mmoja sijamwona."

Nyumba yenyewe ni ya vyumba vitatu, kwenye kijia kifupi cha mji jirani wa Burnsville kisichotokea popote. Ukiitoa hiyo, ziko nyumba tisa tu, na nyasi zilizokatwa zikakatika. Ukipita mchana hukuti mtu nje, utadhani wenyeji wamehama. Euphrasie na mumewe, Sosthène, wamepita hapo kwa gari mara tano, na mara zote tano mama huyu kayapungia mkono mapazia.

Ana miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo. Analipwa dola kumi na tisa kwa saa. Sosthène huendesha basi dogo la kupeleka abiria uwanja wa ndege. Imewachukua miaka tisa kupata fedha ya kutanguliza, na muda wote huo wameishi katika fleti ya vyumba viwili na binti yao Rachelle, ambaye sasa ana miaka kumi na saba. Pango hupanda kila wanapoanza kulizoea.

Sasa mtu wa namna hiyo anagomaje mlangoni mwa nyumba yake? Hapo ndipo penye kisa.

"Kwetu ukinunua paseli," anasema, akimaanisha kiwanja, "unawaita majirani wa mipaka yote minne. Mnakaa, mnakula kidogo, wanaandika majina yao. Bila hao, karatasi yako ni ya kufungia karanga."

Hayo hakuyasoma kitabuni. Baba yake alinunua kiwanja Uvira haraka haraka, majirani wakiwa shambani, kwa sababu muuzaji alidai ana safari. Miezi minne baadaye akatokea mtu mwenye karatasi kama ile, na mihuri ileile. Kiwanja kimoja, wenyewe wawili. Mzee alipotakiwa kuleta mashahidi, hakuwa na hata mmoja. Familia ikatoka na magodoro kichwani, Euphrasie akiwa na miaka kumi na miwili. Vita vilipokuja baadaye, viliwakuta tayari ni wapangaji.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu mama ana haki ya kushtuka.

Dalali wao haoni hivyo. Anaitwa Ian, Mkenya wa Nakuru mwenye simu mbili zisizotulia. "Mama Rachelle, hapa serikali ndiyo shahidi," alimwambia, kwa upole wa mtu anayejizuia. "Nyumba imesajiliwa. Mkaguzi ameshapita. Usipotia sahihi Ijumaa, arbuni yenu inaliwa, na nyuma yenu kuna mnunuzi mwingine amesimama."

"Mwanangu Ian," akajibu, "hata kule serikali nilikuwa nayo."

Ian akaigeukia simu yake ya pili.

Nyumbani nako hakupata wa kumtetea. Sosthène alimsihi asiende kugonga milango ya watu, kwani hapa hata ndugu humpigia ndugu yake simu kabla ya kumtembelea. Rachelle, ambaye husikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alisema watu watadhani mama yake anahubiri dini.

Alikwenda hivyo hivyo. Kesho yake, Jumatano alasiri, baada ya zamu, alivaa kitenge cha kanisani, akabeba beseni la maandazi na daftari la shule alilolipiga mistari tisa, mmoja kwa kila nyumba. Majirani wa mipaka walimtosha, ila hakutaka yeyote anune kwa kurukwa.

Nyumba ya kwanza hakufungua mtu. Sauti ilitoka kwenye kidude cha kengele: hatununui kitu, asante. Euphrasie akakieleza kile kidude habari yake yote, kuanzia Uvira, kikazimika katikati ya maelezo. Nyumba ya pili mama mmoja alifungua mlango upana wa kiganja, akapokea andazi, akafunga. Ya tatu alikuwepo mbwa tu.

Asichokijua ni kwamba picha yake ilikuwa imeshazagaa katika kundi la simu la mtaa. Mwanamke anazunguka nyumba kwa nyumba na daftari, iliandikwa, na wapo waliotaka polisi waitwe. Mzee Timothy, fundi bomba mstaafu anayeishi mkono wa kushoto wa nyumba inayouzwa, akawajibu wampe dakika tano akamuulize mwenyewe.

"Nilijiambia mwizi habebi beseni," Timothy anaeleza.

Aliposikia kisa cha daftari alicheka mpaka akashika uzio. Aliposikia cha kiwanja cha Uvira akaacha kucheka. Akala maandazi mawili akiwa wima, akafuta vidole, akauliza kama walishaambiwa kuhusu maji.

Maji gani?

Kila Machi, theluji inapoyeyuka, maji hupanda kutoka ardhini na kuingia katika chumba cha chini cha nyumba ile. Kuna pampu ya kuyavuta, lakini ilikufa majira ya kuchipua yaliyopita, na Timothy mwenyewe alishuka na ndoo kuwasaidia waliokuwamo. Mkaguzi alikuja Agosti, ardhi imekauka na ukuta umeshapakwa rangi mpya. Familia ilikuwa inauziwa mbuzi kwenye gunia.

"Sikufurahi," Euphrasie anakiri. "Nilijilaumu kwa nini nimeuliza. Nilikaa ndani ya gari nikalia, maana nilijua nyumba imekwenda."

Jioni ile Ian aliuliza jambo moja tu kwenye simu: huyo jirani yuko tayari kuyarudia maneno yake? Timothy alikuwa tayari. Sheria humtaka muuzaji aseme kasoro anayoijua, na sasa alikuwepo mtu wa kuthibitisha kwamba aliijua. Ijumaa ikapita bila sahihi, na arbuni haikuliwa. Mnunuzi wa pili alipopata habari ya maji, akayeyuka. Muuzaji akalipia pampu mpya, na wiki mbili baadaye Euphrasie akatia sahihi.

Kabla ya hapo alirudi mtaani na daftari. Lina majina saba kati ya tisa. Kisheria hayana uzito wowote, na Ian amelisisitiza hilo mara mbili, ingawa siku hizi huwauliza wateja wake kama wameongea na majirani, wala hasemi alifundishwa na nani. Sosthène naye amekubali yaishe. "Nilimwambia atatuharibia," anasema. "Sasa nakula maandazi, nanyamaza."

Sasa ni Februari, na si kila siku ni asali. Kodi ya majengo inayodaiwa na serikali iliwashtua, kwa hiyo Euphrasie ameongeza zamu ya Jumamosi. Mwenye kidude cha kengele bado hajamsalimia. "Atanizoea," anasema. "Asiponizoea, mimi nitamzoea."

Anayo kazi moja haijakwisha. Kwao mashahidi hawaishii kuandika majina. Huzunguka mipaka kwa miguu, na watoto huchukuliwa pamoja nao, kwa sababu shahidi mtoto ndiye anayedumu. Hapa vigingi vya chuma vya mipaka vimefukiwa na theluji. Ikiyeyuka tu, amepanga majirani wazunguke pamoja, Rachelle akitangulia. Timothy ameahidi kuazima kifaa cha kutafutia chuma.

Rachelle, aliyezaliwa kambini Tanzania na kuhama mara sita tangu hapo, anaona ni mambo ya zamani. Mwaka ujao anakwenda chuo.

"Aende," mama yake anasema. "Asome, aolewe hata mbali. Lakini mimi nitazikwa huku, na lazima abaki mtu mmoja wa damu yangu anayejua mpaka wetu unapita wapi."