Maziwa ya Wagonjwa

Nilihamishiwa Bariadi kikazi, nikaoa Dutwa. Siku ya kwanza ukweni, baba mkwe alinipa kata ya maziwa yaliyokamuliwa muda ule ule, povu bado liko juu. Nikauliza kama yamechemshwa.

"Mkwilima," akasema baba mkwe, akiniita mkwe kwa lugha ya kwao, "maziwa ya kuchemsha tunawapa wagonjwa. Wewe unaumwa?"

Nikasema siumwi, nikanywa yote. Tangu hapo nikawa nakunywa kila Jumapili, kwa heshima.

Baadaye zikaja homa za jioni, jasho la kulowesha shuka, na kiuno kilichonifanya niinuke kwa kushika ukuta. Malaria haikuonekana. Daktari akaniuliza habari za maziwa, akapima damu, akasema nina brusela.

"Kwa ng'ombe unaitwa ugonjwa wa kutupa mimba," akanifafanulia.

Nilimshukuru. Mimba sikuwa nayo.

Nilipopata nguvu nilikwenda Dutwa kumweleza baba mkwe kwamba maziwa yake ndiyo yaliyoniangusha. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akageukia jikoni, akapaza sauti:

"Mchemshieni huyu maziwa. Nilijua tangu siku ile kwamba anaumwa."