Kokwijuka Akataa Lubugo

Sisi wa kisiwa cha Goziba tulikuwa na desturi moja ambayo hadi leo nikiikumbuka hasira inanipanda. Mtu akiugua mpaka miguu ikamkataa, hatukumpeleka hospitali, tulimpeleka nyumbani. Maboti hayakubeba maiti, wavuvi walisema nyavu zitatoka tupu. Kwa hiyo mgonjwa alisafirishwa angali anapumua, akafie kwao, azikwe kwenye kibanja cha baba yake kati ya migomba na mibuni. Kila mtu aliona huo ndio utu.

Jirani yangu Kokwijuka alikuwa mpishi pale kwenye kambi ya wavuvi. Mumewe alirudi salama kutoka vita vya Uganda, akaja kufa kwa ukimwi, ule ugonjwa tuliouita Juliana, na mashemeji wakamfukuza mjane kwamba amemla ndugu yao. Akapanda boti kuja kisiwani. Kule nusu ya watu tulikuwa wa kuja, wengine kutoka Ukerewe, wengine Musoma, Kigoma, hata Uganda, na hakuna aliyekuuliza ulikotoka. Alikuwa na maneno huyo mama. Mvuvi akilalamika kwamba ugali ni mdogo, alimjibu, "Ugali hauna kosa, tumbo lako ndilo kubwa."

Lakini mwanamke wa peke yake kisiwani hapati samaki. Boti likifika mwaloni, pale ufukweni wanaposhushia, samaki ni wa yule mwenye mvuvi wake. Basi ukawa na mvuvi wako, naye akihamia kambi nyingine kufuata samaki, unapata mwingine. Zahanati hakuna, dawa ni vidonge vya kichwa vya dukani. Mnaniuliza kama tulijua hatari? Tuliijua, na njaa tuliijua zaidi.

Kokwijuka alipoanza kukohoa na kukonda, kambi nzima ikamhukumu kwamba ni Juliana, wa kufa. Habari zikafika kwao Kamachumu, na kaka yake Philbert akaja kumchukua. Alikuwa mkulima mpole, mtu wa kanisa, asiyepandisha sauti. Alikuja na lubugo, ile nguo ya gome la mti tunayozikia wafu wetu, ameizungushia mkeka vizuri.

Tuliondoka asubuhi na boti la Lukmani. Mimi nilipanda nao ili nimshike mgonjwa, maana Philbert alikwenda kukaa kule mbele kabisa, mbali na kikohozi. Upepo ulikuwa mkali, maji yanaturukia, Kokwijuka anatetemeka mapajani mwangu. Kaka mtu akamwonea huruma. Akafungua mkeka, akanirushia lubugo nimfunike.

Kokwijuka aliipapasa, akaijua. Akaisukuma kwa nguvu ambazo sikudhani bado anazo.

"Kaka, hii ni ya nani?"

Philbert akatazama ziwa. "Kuna baridi, dada."

"Mimi sijafa. Nipelekeni Bukoba nikatibiwe."

Lukmani akapunguza mwendo wa injini. "Mafuta yangu ni ya kufika mahali pamoja tu. Semeni, ni Muleba au Bukoba? Upepo unazidi."

"Muleba, njia ya nyumbani, kama tulivyokubaliana," alisema Philbert. "Tumezika wangapi waliotoka hospitali? Akifia mjini, nitampataje? Watamzika watu wa manispaa kama mtu asiye na kwao." Hofu yake ilikuwa ya kweli, maana kwetu kuzikwa ugenini ni kupotea. Lakini nikamtolea uvivu.

"Wewe unatafuta pa kumlaza akifa. Mwenzako anakuomba dawa."

"Mama Klaudia," alinijibu, "hayo ni ya ukoo wetu."

Kokwijuka akakohoa, damu ikaenea kwenye kanga yangu. Niliogopa, sitadanganya. Lukmani aliitazama ile damu, akasema, "Abiria wangu ni mgonjwa. Liwalo na liwe," akageuza boti kuelekea Bukoba.

Hospitali walimpima makohozi. Majibu yalipotoka, nesi mmoja aitwaye Celina akatuita. "Ni kifua kikuu. Inawezekana na ule ugonjwa mwingine anao, na huo hatuna dawa yake. Lakini kifua kinapona." Nilitaka kumkumbatia. Kisha akauliza, "Anakaa wapi?"

"Goziba," nikajibu mbio.

Akaweka kalamu chini. "Watu wa visiwani siwaanzishii dawa. Mkipata nafuu mnafuata samaki, dawa mnaziacha njiani, kifua kinarudi kikali kuliko mwanzo. Hizi zinamezwa kila siku, mbele ya mtu, karibu na zahanati. Na wodi imejaa, wengine wanalala chini. Nani atampokea kwake?"

Nikamgeukia Philbert. Kule Kamachumu zahanati ilikuwa hatua chache tu kutoka nyumbani kwake. Yeye akawa anaviringisha kofia mikononi.

"Mke wangu Ephrasia hatakubali," alinong'ona. "Kuna watoto. Mtu anayekohoa ndani ya nyumba, jamani waitu, majirani watatukimbia."

Mori ukanipanda. "Kwa hiyo kaburi unalo la kumpa, ila kitanda huna?"

Watu wote kwenye foleni walitugeukia. Philbert alinitazama kana kwamba nimempiga kofi. Nilidhani Kokwijuka atalia au atamlaani. Aliegemea ukuta pale kwenye benchi, akavuta pumzi kwa shida.

"Kaka, umenichagulia wapi?"

"Nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la mama."

"Basi hapo hapo nijengee kibanda. Watoto watakuwa mbali nami."

"Kiwe na dirisha kubwa," alisema nesi.

Philbert aliinamisha kichwa, midomo inacheza kama anayesali. Mwishowe akasema, "Andika Kamachumu. Andika ni mimi nitakayemsimamia."

Nesi akaleta vidonge vya kwanza na kikombe cha maji, akampa Philbert. "Anza sasa. Akimeza, mwambie afungue kinywa uangalie, wengine huvificha chini ya ulimi."

Ilibidi asogee. Tangu Goziba alikuwa hajamgusa. Akapiga goti mbele ya benchi, akamshikia kikombe, akasubiri. Kokwijuka akameza, akafungua kinywa. Philbert akamshika kidevu, akachungulia, na machozi yakaanza kumtoka.

"Vimeshuka," akamwambia nesi.

"Na kesho," alisema Kokwijuka, "uje na uji."