Mkono Uliokatazwa Chumvi

Nilipokuwa mtoto pale kijijini Pito, niliiogopa chumvi kuliko nyoka. Bibi alitufundisha kwamba mwanamke aliyetoa mimba akaificha hatakiwi kutia chumvi kwenye chungu. Akitia, wanaokula watashikwa na kifua, wakohoe mpaka wakauke. Nyumba yetu ilikuwa ya Kikatoliki, rozari kila jioni, na chumvi nayo tuliiogopa kila jioni. Sikuona ubaya wowote.

Tuliishi kwa bibi na babu, mimi na dada yangu Stella, maana wazazi walikuwa wakilima mbali, huko Mwimbi. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na saba. Wakati wa kupura ulezi, mchana mmoja, akaniita jikoni.

"Mdogo wangu, nitilie chumvi."

"Kwani mkono wako una nini?"

"Tia tu. Na ukimwambia bibi, usiniite dada tena."

Nikatia. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku hiyo nilimkuta nyuma ya nyumba anafua kanga, maji mekundu, ameegemea ukuta kama mzee. Akaniambia amekunywa mizizi aliyopewa na mama mmoja, mimba imetoka, yamekwisha. Nikaapa kwa Bikira Maria kwamba nitanyamaza. Babu alipoonja maharage, chumvi imezidi, akasema, "Aliyetia chumvi hii ana mchumba." Stella akacheka kidogo, mkono tumboni.

Siku ya tatu nilichelewa kurudi kutoka shule, nilikuwa nacheza rede. Nikakuta wameshakula. Nikaonja mboga: ina chumvi. Jioni babu akaanza kukohoa. Leo najua kwamba mtu akipepeta ulezi kutwa nzima kwenye upepo wa kiangazi, lazima akohoe. Lakini wakati ule nilihisi na kifua changu kinabana. Nikamfuata bibi.

"Bibi, Stella katia chumvi."

Nilisema hilo tu. Habari ya damu sikuitaja. Naungama: sikusema kwa ajili ya dada, nilisema kwa ajili ya kifua changu.

Bibi hakufoka. Alifunga kilemba chake upya, akasema, "Kumbe." Asubuhi akachimba dawa, akachemsha, akatunywesha mimi na babu, akanywa na yeye. Stella akawekwa chumba cha nje, asiguse moto wala chungu. Siku mbili tulitibiwa sisi wazima, na mgonjwa hakupewa hata kikombe. Mimi nilitumwa nimpelekee uji. Alikuwa anatetemeka, na chumba kinanuka. Niliacha bakuli mlangoni nikakimbia.

Alipoanza kuongea maneno yasiyoeleweka, babu akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, tukampeleka hospitali mjini. Muuguzi akauliza kilichompata.

"Malaria," bibi akasema.

Muuguzi akanigeukia mimi. "Na wewe mwanangu unasemaje? Hapa hatuulizi ili mtu afungwe. Tunauliza tujue pa kuanzia."

Nikasema yote.

Baadaye alimweleza bibi polepole. Mimba ikitoka, iwe kwa mizizi au yenyewe, vipande vinaweza kubaki ndani, vikaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Mgonjwa akiwahi, mtu aliyesomea kazi hiyo humsafisha kizazi kwa vyombo safi, ni kazi ya muda mfupi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. "Damu isiyokoma, homa, harufu, tumbo kuuma. Hivyo ndivyo vya kukimbia navyo huku, mama."

"Na kifua cha mzee wangu?" bibi akauliza.

"Ajifunge kitambaa puani akipepeta."

Kwa Stella muda ulikuwa umepita. Walimsafisha, haikutosha. Wakampasua, wakatoa kizazi.

Sasa mimi ni mama wa watoto wanne, na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani. Bado naamini kilichofanyika kilikuwa dhambi, sijifichi. Ila nimechoka kusikia watu wakiitaja dhambi ya Stella tu, yetu sisi wengine hawaitaji. Bibi alikufa akiamini dawa yake ndiyo iliyomponya babu, na sikuwahi kumbishia.

Mwaka jana nilikwenda Milanzi, Stella anakoshona nguo. Nilikuwa nimelibeba neno hili miaka mingi.

"Dada, ni mimi niliyekusema. Kwa bibi, na kule hospitali."

"Najua."

"Nisamehe."

"Nikusamehe kwa kusema?" Akakata uzi kwa meno, akaendelea kukunja sketi ya shule ya mtoto wa watu. "Nilikukataza, kweli. Lakini kila ulipoingia jikoni nilikuwa naomba usinisikilize."

Tulikunywa chai, nikarudi nyumbani kwa miguu.

Tangu utotoni nimeungama mara nyingi kwamba nilivunja kiapo cha Bikira Maria, na kila mara padre ameniondolea dhambi. Kwaresima hii niliungama jambo jingine: kwamba nilichelewa kukivunja. Padre akaniambia nisali kwa ajili ya dada yangu. Nasali.