Kiganja cha Mama Kilipokataa Kuinuka

Mama alivunjika mkono wa kulia akipanda ukingo wa mto na mtungi wa maji mgongoni. Nilikuwa nyuma yake. Miaka ile ya sabini, sisi wa upande wa Kasikeu tulichota maji kwenye visima vya mchangani, na ukingo ulikuwa umelainishwa na mvua. Mkanda wa kubebea mtungi ulimponyoka kwenye paji la uso, akaangukia ubavu, mkono ukabaki chini yake. Mfupa ukavunjika kati ya bega na kiwiko.

Plasta ilipotolewa hospitalini, tulidhani tumemaliza. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri. Lakini kiganja kilining'inia, vidole vimejikunja.

"Mama, inua kiganja," daktari alisema.

Mama alikitazama. "Nimekiambia, daktari. Hakisikii."

Daktari akakiinua yeye mwenyewe, akakishikilia. "Sasa nibane vidole." Mama alimbana mpaka daktari akacheka. "Umeona? Nguvu ya kushika iko. Kuna mshipa wa fahamu unaozunguka huu mfupa. Ndio unaoinua kiganja na kunyoosha vidole, na ndio ulioumia. Huwa unaamka polepole sana. Usiache vidole vikauke."

Baba alichonga kibao chembamba, akakizungushia kipande cha shuka kuukuu, akamfungia mama kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Kikiwa mkononi, aliweza kukoroga muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Bila kibao, mwiko ulimtoka. Kanisani aliwasalimu watu akishikilia mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, na wageni walidhani ni heshima tu.

Kazi yangu ilikuwa asubuhi. Nilipasha maji, nikatumbukiza mkono wake kwenye karai, kisha nikavinyoosha vidole kimoja kimoja. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini hapo, mkono wake ukiwa mzito mapajani mwangu, aliniambia mambo ya usichana wake Kalamba ambayo sijui kama baba aliyajua.

Mwaka uliofuata nikaitwa shule ya bweni Kitui. Mama alinisindikiza hadi Malili kupanda basi. Kibao hakikuingia kwenye mkono wa sweta yake nzuri, akakiacha nyumbani. Basi lilipoondoka aliinua mkono wote kunipungia. Kiganja kikaanguka kikitazama chini, kikachezacheza vile mtu hufanya anapokuita. Njoo, kilisema. Nilijua hakumaanisha hivyo. Nililia mpaka Machakos.

Shuleni, kila Jumamosi tukifua, nilijiuliza ni nani anayemnyoosha vidole. Baba alikuwa na mikono migumu, na ndugu zangu walikuwa wadogo.

Likizo ya Aprili nilimkuta mama ameketi uani.

"Weka sanduku chini. Kaa hapa nikuonyeshe."

Akaulaza mkono gotini. Akakunja uso. Kiganja kikatetemeka, kikainuka kidogo, kikaanguka. Akakiinua tena.

"Kinasikia sasa," alisema, akicheka.

Kesho yake nilipasha maji kama zamani. Nilipoleta karai, mama akatikisa kichwa. "Wacha, mwanangu. Siku hizi najifanyia na huu wa kushoto."

Nilisimama pale na karai langu. Nilikuwa nimeomba apone, na sasa anapona, nami sikujua nikae wapi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alivuta kigoda karibu, akanipa mkono.

"Haya. Leo fanya wewe."

Kufikia mavuno ya mbaazi alikuwa analima bila kibao. Kidole gumba ndicho kilichobaki nyuma. Mpaka anazeeka hakikuweza kufunguka sawasawa, na vifungo vya blauzi alifungiwa na yeyote aliyekuwa karibu. Mimi wakati huo nilikuwa nikifundisha mbali. Sasa mama hayupo, na nikimwona mwanamke akimfungia mwenzake kifungo mlangoni mwa kanisa, natamani ingekuwa zamu yangu.