Tulivyopeleka Posa Ikola kwa Gari Linalosaga

Niliondoka Mpanda kwenda Ikola kwa sababu nilitaka kuoa. Kwetu mwoaji hapeleki barua ya posa mwenyewe. Anabaki nyumbani akingoja kuletewa jibu. Lakini dereva tuliyemkodi aliamka na malaria, na katika ukoo mzima mwenye leseni nilikuwa mimi tu. Baba Mkubwa Linus, mshenga wetu, akaamua juu ya kikombe cha chai:

"Utaendesha. Ila ukifika huko wewe ni dereva. Hutujui. Baba wa msichana hajawahi kukuona, na Perpetua mwenyewe akitokea, tazama tairi."

Saa kumi na mbili asubuhi tuliuacha mji. Baba Mkubwa alikuwa na barua ndani ya bahasha, bahasha ndani ya gazeti, gazeti ndani ya koti. Shangazi Felista alibanwa katikati yetu, na khanga za mama mkwe mapajani. Msituni miti ilikuwa inachipua yale majani mekundu yanayotangulia mvua, na nikajiona nimebarikiwa kuliko mtu yeyote magharibi ya nchi hii.

Saa mbili hivi pikapu ikaanza kusaga. Kwanza ilikuwa kama mtu anakwangua ukoko wa wali. Baadaye kama jiwe la kusagia ulezi nyumba ya jirani.

"Hiyo ni nini?" akauliza Shangazi.

"Barabara," akajibu Baba Mkubwa.

Tukaingia kwenye mchanga laini. Ikaendelea kusaga.

"Na sasa je?"

"Hiyo ni ya kule nyuma. Imebaki masikioni."

Shangazi akaanzisha wimbo wa kwaya ili aufunike mlio. Alipofika kwenye kiitikio, gari likaitikia.

Saa nne tulisimamishwa na ng'ombe waliojaza barabara. Mchungaji wao, mzee wa Kisukuma mwenye fimbo mabegani, akaja dirishani.

"Nyie, nimewasikia tangu kule mtoni. Hii gari inacheua?"

"Ni kelele kidogo tu, baba," nikasema.

"Ng'ombe akicheua, kalale usingizi. Gari ikicheua, mh!" Akainama, akachungulia uvunguni, akalipiga bodi kofi kama anayepima fahali mnadani. "Mbele mzima. Ugonjwa uko tumboni."

Baba Mkubwa alimshukuru kwa ubaridi. Hakuna aliyeshuka kuangalia.

Kwenye mteremko wa mwisho Ziwa Tanganyika lilitokea ghafla, la buluu na pana, na hofu ikanishika. Mzee Kasiani, baba yake Perpetua, ni fundi wa injini za maboti. Husemwa kwamba hutambua boti ya nani inaingia kabla haijaonekana.

"Zima injini," Baba Mkubwa akanong'ona. "Tuserereke kimya."

Nikaweka nyutro, nikazima. Injini ikanyamaza, ule mlio wa kusaga ukabaki peke yake, safi kabisa, kama mwimbaji aliyeachiwa jukwaa. Kina mama waliokuwa wakianika dagaa wakainua vichwa.

Saa saba mchana tulifika. Mzee Kasiani alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, na ovaroli mwilini.

"Karibuni. Lakini barua yenu itangoja. Siwezi kuzungumza mambo ya mtoto wangu na kitu kinalia nje. Dereva! Inalia lini?"

"Mzee, inalia kama ukoko wa wali, halafu kama jiwe la..."

"Sijauliza inalia kama nini. Nimeuliza lini. Ukikanyaga klachi? Ukikata kona? Ukiachia mafuta?"

Nikasimama kama mwanafunzi. Nilikuwa nimesafiri na mlio ule kwa saa tano, na nilichojua ni kuufananisha tu.

"Kwenye kona haibadiliki," nikasema hatimaye. "Na nilipozima injini mlimani, iliendelea."

"Umezima injini mlimani?"

"Ndiyo, mzee."

"Mjinga. Lakini umejibu. Basi siyo injini, siyo klachi, na beringi za tairi siziwazii sana. Twende kwenye propela, ile shafti ndefu ya chini inayozungusha tairi za nyuma."

Akaweka mawe mbele ya tairi za mbele, akainua nyuma kwa jeki, akaweka magogo. Nikaingia uvunguni na shati langu lililopigwa pasi, ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma, mpini sikioni. "Perpetua, njoo zungusha tairi!" akaita. Nikatazama tairi, kama nilivyoagizwa. Vidole vya Perpetua vilikuwa juu yake, na nilimsikia akibana kicheko.

Kwenye difu, kule katikati ya tairi za nyuma, kimya. Kwenye krosi, maungio ya shafti, kimya. Nilipogusa beringi inayoshika ile shafti katikati, nikasikia kama mchanga kati ya meno.

"Hapa!"

Beringi ilikuwa kavu, gololi zimelika. Mzee akapekua sanduku lake, akatoa nyingine ya mashine ya kukoboa mpunga, yenye namba ileile, akanipa nyundo na kipande cha bomba. Saa kumi propela ilizunguka bila neno.

Ndipo wakaingia ndani. Mimi nilibaki nje nikijisugua grisi, nikisikia kila kitu dirishani. Baba Mkubwa alimsifu mwoaji: mtulivu, mwenye heshima, msikivu.

"Barua nimeipokea," akasema Mzee Kasiani. "Ila harusi ikiwapo, msije na yule dereva. Gari inasaga tangu msituni, yeye anaendesha tu! Mwanangu asipande gari lake hata siku moja."

Shangazi akakohoa.

"Mzee," akasema Baba Mkubwa, "bila dereva yule, harusi itakuwa ngumu kidogo."

Jikoni Perpetua akaangua kicheko. Baba yake akatoa kichwa dirishani, akanitazama kuanzia viatu hadi masikio, ambayo nayo yalikuwa na grisi.

"Ndiye?"

"Ndiye," wakajibu wote.

"Aje ale. Nyie kesho rudini. Yeye anabaki kwangu wiki nzima, nina boti tatu zinaumwa. Jibu atakuja nalo."

Kesho yake Baba Mkubwa na Shangazi walirudi Mpanda juu ya lori la dagaa, na nasikia koti lile bado linanuka. Mimi nilibaki nikifungua injini, nikiulizwa lini, lini, lini, mpaka nikaacha kufananisha.

Siku ya nane nilipandisha mlima peke yangu, gari likiwa limetulia kiasi kwamba nilisikia ndege. Huko Mpanda Baba Mkubwa alivaa miwani, akafungua bahasha ya jibu niliyokuja nayo mbele ya ukoo mzima. Mzee Kasiani alikuwa ameandika mistari miwili tu:

"Bado anachelewa kusikia, lakini akisikia siku hizi anashuka kuangalia. Njooni tuzungumze mahari."