Ndiyo ya Mzee Bethwel

Watu wa Chepseon walimjua Chepkurui kama mwalimu wa chekechea asiyebeba maneno ya nyumba hii kuyapeleka nyumba ile. Ndiyo maana mwaka wa 1996 Kimeli, kijana wa chuo kikuu aliyekuwa akitafiti uwindaji haramu msituni, alimwomba amsaidie kuwauliza watu swali gumu: je, mwaka huu umekula nyama ya porini?

"Nani atakubali?" Chepkurui aliuliza. "Si atashikwa?"

"Tunawaficha kwa dadu." Kimeli alitia dadu kwenye mkebe, akafunika. "Mtu anatikisa, anachungulia peke yake. Ikitoka sita, anasema ndiyo hata kama hajakula. Ikitoka nyingine, anasema ukweli. Kwa hivyo ukisikia ndiyo, hujui kama ni yake ama ni ya dadu."

Chepkurui aliitikia kama aliyeelewa.

Alianza na Judy Obure, muuza mboga. Judy alitikisa, akachungulia, akapiga kelele. "Woi, mwalimu! Ni sita!"

"Usiniambie!"

"Lakini mimi sijakula. Nijisingizie kwa nini? Andika hapana."

Nyumba zote zikawa hivyo. Hapana, hapana, hata kwa jamaa ambaye mitego yake ilijulikana na kijiji kizima.

Mwisho alifika kwa baba mkwe wake Bethwel, mzee wa kanisa. Alimweleza kwamba yeye mwulizaji hatakiwi kujua dadu imetoa nini. Mzee aliutazama mkebe kana kwamba una pombe ya chang'aa ndani.

"Hiyo ni kamari, Mama Weldon. Sishiki. Lakini andika ndiyo."

"Ndiyo ya nini, baba? Hata hujatikisa."

"Si umesema hutakiwi kujua?"

Chepkurui aliandika, akarudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Mzee alikuwa anaungama, au anamkatalia kwa heshima?

Kimeli alipopiga hesabu, uso ulimkunjamana. "Ndiyo ni chache mno. Hazifikii hata zile ambazo dadu peke yake ingetoa. Hesabu inasema waliokula ni chini ya sifuri."

"Chini ya sifuri ni watu wa aina gani?"

Kimeli alikusanya vitu vyake, akarudi chuoni.

Wiki kadhaa baadaye, akingoja lori pamoja na mzee Bethwel kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, Chepkurui alijipa moyo. "Baba, siku ile. Ulikula kweli?"

Mzee alicheka polepole. "Nilikuona umechoka na hapana za watu. Nikaona nikupatie ndiyo moja."

"Kwa hivyo hukula?"

"Hilo nalo sikusema."

Lori likapiga honi. Mzee akainua kikapu chake, akaenda kupanga foleni. Chepkurui alibaki amesimama palepale, akimtazama mtu ambaye yeye alimheshimu kuliko wote, asijue bado kama ndiyo ile ilikuwa yake.