Lalamiko la Somoe

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka hunyamaza, hata kama sina wa kuzungumza naye. Na siku hizi mara nyingi sina.

Tulikuwa tumekusanyika katika darasa la nne la shule ya msingi, kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Kitomanga. Mkutano ulikuwa ufanyike uwanjani, mvua ikatuingiza ndani. Wanaume tulibanana kwenye madawati ya watoto, wanawake wakakaa chini upande wa madirisha. Alikuwa amekuja ofisa kutoka wilayani kusikiliza kero za wananchi. Mimi nilikuwa kijana, nina mikorosho michache niliyorithi kwa mjomba, na mke, Somoe. Ilikuwa bado haijatimia miezi mitatu tangu tuzike mtoto wetu wa kwanza.

Ngoja nikueleze habari ya mtoto huyo, maana pasipo yeye hutanielewa. Uchungu ulimshika Somoe alfajiri. Tukampakia kwenye baiskeli, mimi nikisukuma, Bi Zainabu, mkunga wetu wa kijiji, akimshikilia kwa nyuma, mpaka zahanati. Tukakuta kufuli. Ilikuwa wiki ya tatu tangu mganga aondoke, na hakuna aliyetuambia amekwenda wapi wala nani ameshika nafasi yake. Bi Zainabu akawaita wanawake, wakamzungushia kanga, mtoto akazaliwa pale pale barazani, mgongo wa mama yake ukiwa juu ya saruji. Alikuwa wa kiume. Alikuja amechoka. Pengine angepata mtu mwenye vifaa wa kumsaidia kuvuta pumzi, angekuwa mtu mzima leo; Mungu ndiye ajuaye. Hakulia.

Sasa turudi darasani. Siku moja kabla ya mkutano, mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameniita pembeni. Akasema, "Selemani, wageni hawaji kila siku. Kesho tuzungumze barabara na shule. Habari za zahanati tutazimaliza wenyewe." Kisha, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akaniambia jina langu limo katika orodha ya watakaogawa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho, msimu ule. Hakunitisha, mwanangu. Ningekuwa nimetishwa, leo ningekuwa na pa kujificha.

Somoe akasimama. "Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama. Sema."

"Zahanati yetu ina jengo, haina mtu. Nimezalia barazani, mtoto amekufa. Sikuja hapa kuhurumiwa. Nataka kujua, yule aliyepaswa kuwepo alikuwa wapi, na nani alipaswa kutuambia kwamba hayupo?"

Yule ofisa akatoa kalamu. Sitaki kumsingizia, alikuwa tayari kuandika. Akauliza, "Kuna mwingine mwenye lalamiko hili?" Mvua ilikuwa inapiga bati. Akauliza tena, kwa sauti zaidi. Bi Zainabu alikuwa amekaa karibu na mlango, akainamisha kichwa. Mwenyekiti akageuka, akanitazama mimi.

Nikasimama. "Mheshimiwa, naomba radhi. Huyu ni mke wangu. Tangu afiwe, akili yake haijatulia."

Ofisa akamtazama Somoe, akanitazama mimi, akashusha kalamu. "Pole sana, mama," akasema, na mazungumzo yakahamia kwenye barabara. Somoe alikuwa bado amesimama. Alisimama mpaka watu wakaanza kuangalia kwingine, ndipo akakaa.

Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Kesho yake asubuhi Somoe alikunja nguo zake, akaenda Kitomanga kwa mjomba wake. Hakugombana nami. Aliniambia kitu kimoja tu: "Selemani, mtoto nilimpoteza barazani, mume nimempoteza darasani."

Nilijifunza kupika ugali wa mtu mmoja, na bado ulibaki. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyenilaumu. Nikipita njiani watu walinisalimu vizuri, wakiniambia, "Pole kwa hali ya mkeo." Walinipa pole ya maradhi niliyoyatunga mwenyewe, nami nikaitikia, "Ahsanteni." Salfa niliigawa msimu mzima. Nilikuwa kati ya watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na sijawahi kuwa mpweke kama msimu ule, isipokuwa sasa.

Msimu ulipokwisha, mjomba wake, Mzee Mfaume, akanitumia ujumbe niende. Huku kwetu, wewe wajua, mjomba ndiye mwenye neno. Alinipokea kwa adabu, akanipa maji, akaniacha ninywe nimalize.

"Selemani," akasema, "aliyefunga zahanati akaondoka ana kosa lake. Mkubwa wake asiyemuuliza ana lake. Wataulizwa hapa au kwa Mungu. Lakini siku ile serikali ilikuja kwenu na kalamu mkononi. Nani aliirudisha mfukoni?"

Nikaweka kikombe chini.

"Nenda ukaseme la kweli pale ulipolisema lile la kwanza," akaniambia.

"Na Somoe, mjomba? Nirudi naye?"

"Simrudishi mwanangu mahali anapoitwa mwendawazimu."

Nikaenda ofisi ya kijiji nikitaka kuandikisha upya lile lalamiko. Mtendaji hakunibishia. Alifungua jalada, akanisomea muhtasari: mwanamke mmoja alilalamikia zahanati, mumewe akaeleza kwamba hana utimamu wa akili, hoja ikafungwa. "Maneno ni yako, Bwana Selemani," akasema. "Muhtasari haufutwi. Mkutano ulioyapokea ndio utakaoyasahihisha." Kumbe neno nililolitupa kama ganda la muhogo lilikuwa limepigwa muhuri.

Nikasubiri mkutano mkuu wa kijiji. Siku hiyo nilisimama kabla sijaitwa. Nikasema, "Mimi nilisema uongo. Mke wangu hana wazimu. Alichosema ni kweli, nami nilikuwepo, baiskeli niliisukuma mimi." Mwenyekiti akaniambia nikae. Sikukaa. Watu walikaa kimya, na ndipo nilipojua Somoe alisikia nini siku ile. Kidole kimoja hakivunji chawa, nami nilikuwa kidole hicho kimoja, magoti yakinicheza.

Kisha Bi Zainabu akajiinua taratibu, maana alikuwa mzee. "Mtoto yule nilimpokea mimi. Niliinama siku ile, leo siinami. Andika na jina langu." Baada yake akasimama mwanamke mwingine, na mwingine. Mtendaji aliandika mpaka akageuza ukurasa.

Barua ya lalamiko letu ikapelekwa wilayani, Lindi. Usidhani mambo yaliisha hapo. Nilikwenda kuifuatilia mara nyingi, nikikaa kwenye benchi lile lile, nikiambiwa nije tena. Ilipita zaidi ya mwaka ndipo nesi akaletwa, na mlango ukawa wazi.

Lakini siku chache tu baada ya mkutano, nilipokwenda kumweleza Somoe nilichosema, alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha kumenya.

"Ulisema mbele ya watu wale wale?"

"Wale wale."

"Na yule ofisa alikuwepo?"

"Hakuwepo."

"Basi huko alipo," akasema, "mimi bado ni mwendawazimu."

Alirudi nyumbani baada ya mavuno. Tulizaa mabinti wawili katika zahanati ile, wote wakalia kwa sauti. Tulikaa vizuri, majirani watakuambia. Lakini hakusimama tena katika mkutano wowote. Alikuwa akienda, anakaa nyuma, anasikiliza, anarudi. Mwenye kovu usidhani kapoa. Sasa ni mwaka wa pili tangu nimzike. Mabinti wana nyumba zao Dar es Salaam. Chumba tulicholala naye sikiingii ila kufagia.

Mwanangu, serikali ina wajibu kwako, nawe huuombi kama sadaka; ni haki yako, uudai kwa adabu na kwa jina lako kamili. Aliyeajiriwa kukuhudumia akikosekana, uliza yuko wapi. Jibu likichelewa, rudi ukaulize tena. Lakini kabla ya kuiuliza serikali, jiulize umemfanyia nini yule aliyesimama kusema linalokuuma na wewe. Akisimama mwenzako, simama naye siku hiyo hiyo, wakati bado anakutafuta kwa macho. Ukichelewa, unaweza kulisahihisha jalada, lakini moyo wa mtu hauna muhtasari.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kweli na magoti ya kuubeba. Akujaalie viongozi wanaosikia na majirani wasioinama. Nyumba yako isikose mtu wa kukuitikia, na uzee wako ukukute huna neno unalotamani kulirudisha. Amina.